Mwenyeji Yupo, Mwenyeji Hayupo: Kanuni za Kanda kwa Nyumba za Kupangisha kwa Siku Chache

Mheshimiwa mwenyekiti, maafisa wa idara ya mipango ya miji, wenye nyumba, wapangaji, na nyinyi majirani mlioacha shughuli zenu Jumamosi hii ya Mombasa: assalamu alaykum, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumzie kanuni za kanda, yaani sheria zinazosema sehemu ipi ya mji ni ya makazi, ipi ni ya biashara na ipi ni ya viwanda, na jinsi zinavyopaswa kuzitazama nyumba zinazopangishwa kwa usiku mmoja, mitatu au kumi, ambazo siku hizi kila mtu huziita Airbnb hata kama hazijawahi kutangazwa na kampuni hiyo. Nitaanza na neno moja la lugha yetu, kwa kuwa naamini limekwisha kufanya nusu ya kazi ambayo mabaraza ya miji mingi duniani yameifanya kwa miaka na kwa kesi. Neno hilo ni mwenyeji.

Kiswahili hakimchanganyi mwenye nyumba na mwenyeji. Mwenye nyumba ni yule ambaye jina lake liko kwenye hati. Anaweza kuwa Dubai, Toronto au kaburini, na nyumba ikabaki kuwa yake na ya warithi wake. Mwenyeji ni mkaaji wa mahali, anayejua siku ambayo maji ya mfereji hufunguliwa, anayejua njia ya mkato ya kwenda sokoni, na ambaye mgeni akipotea hurejeshwa kwake. Mtu huweza kuwa mwenye nyumba bila kuwa mwenyeji, na huweza kuwa mwenyeji naye ni mpangaji tu. Hoja yangu ni kwamba kanuni zetu za kanda zimtafute mwenyeji kabla ya kumtafuta mwenye nyumba, na kwamba swali la kwanza kwenye fomu liwe hili: usiku ule mgeni atakapolala katika nyumba hii, ni nani mwingine atakayekuwa amelala humo?

Kupangisha kwa muda mfupi si jambo geni kwetu. Nyanya yangu, huko Kibokoni, alikuwa na chumba cha mbele alichokipangisha kwa wageni wa msimu, wafanyabiashara waliokuja na pepo za kaskazi na kungoja kusi iwarudishe. Baadaye, jahazi zilipopungua, walikuja wazazi wa Lamu walioleta watoto shule na wagonjwa waliofuata daktari. Mgeni alilala ukuta mmoja na mwenye nyumba. Akichelewa kurudi, alikuta mlango una komeo na ilimbidi abishe hodi, na jirani mwenye lalamiko hakuhitaji kwenda barazani kwa chifu, alimwambia nyanya. Hakuna kanuni ya serikali iliyoweza kufanya kazi hiyo kwa haraka kama mama mmoja mwenye usingizi mwepesi.

Sasa nakaa Nyali, katika jengo la fleti 16, na 5 kati ya hizo hupangishwa kwa siku. Usiku mmoja, yapata saa nane, alinigongea kijana na mkewe, wamechoka na safari, wakiniuliza namba za kufungulia kisanduku cha ufunguo. Nambari ya simu waliyopewa haikupokelewa, na baadaye tulijua kwamba mwenye nyumba anaishi ng'ambo na huko alikuwa kazini. Niliwapa maji na viti hadi ufunguo ulipopatikana karibu na alfajiri. Sikuwachukia wale wageni hata kidogo. Nilijiuliza tu ni lini mimi, ambaye silipwi senti moja, nilifanywa mwenyeji wa fleti isiyo yangu.

Tofauti baina ya visa hivi viwili ndiyo tofauti ambayo sheria za miji mingi zimejengwa juu yake: nyumba yenye mwenyeji na nyumba isiyo na mwenyeji. Kwa mtaalamu wa mipango, haihusu adabu peke yake. Eneo linapopangwa kuwa la makazi, kuna hesabu zinazofanywa kimyakimya: familia ngapi kwa ekari, magari mangapi, maji kiasi gani, na, katika upande huu wa pwani ya kaskazini ambako nyumba nyingi hutegemea mashimo yao wenyewe ya maji taka, shimo la ukubwa gani. Mwenyeji anayepangisha chumba kimoja huongeza mtu mmoja au wawili katika hesabu hiyo, na yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kuona shimo limejaa. Fleti ya vyumba vitatu isiyo na mwenyeji, inayopokea watu wanane leo na wengine wanane keshokutwa, ni hoteli ndogo isiyo na mapokezi.

Lakini niwe mkweli, kwa sababu hapa ndipo watu wa upande wangu hupenda kutia chumvi. Nyumba kama hiyo hukaa tupu siku nyingi katika miezi ya mvua, na huenda kwa mwaka mzima ikatumia maji machache kuliko familia ya watu sita. Mwenye nyumba akituambia hivyo, tusimbishie. Hasara iliyo kubwa zaidi ni kwamba makazi yamepungua: palipoweza kukaa mwalimu, nesi au karani wa bandari kwa kodi ya mwezi, sasa panakaa kitanda kinachongoja Desemba. Kanuni za kanda zina haki ya kulijali hilo hata pasipokuwa na kelele wala takataka.

Mji ambao umeitumia tofauti hii kwa uwazi zaidi, kwa maoni yangu, ni San Francisco, Marekani. Hadi mwanzoni mwa mwaka 2015 kupangisha nyumba ya makazi kwa chini ya siku 30 kulikuwa marufuku huko, na kila mtu alikuwa akifanya. Sheria iliyoanza kutumika Februari mwaka huo iliruhusu, kwa masharti: anayepangisha awe mkazi wa kudumu wa nyumba hiyohiyo, na kukaa humo maana yake ni kulala humo usiku usiopungua 275 kwa mwaka. Akiwamo nyumbani wakati mgeni yupo, hana kikomo cha siku. Asipokuwamo, ana usiku 90 tu kwa mwaka mzima. Tazameni jinsi hesabu hizo mbili zinavyoshikana: mwaka una siku 365, ukitoa 275 hubaki 90. Waandishi wa sheria hawakuokota namba hewani. Wamesema kwamba siku ambazo mwenyeji anaruhusiwa kutokuwapo ni zile tu ambazo mtu wa kawaida husafiri, na kwa hiyo mtu mwenye nyumba tano hawezi kuzipangisha zote tano, kwa kuwa hawezi kulala usiku 275 katika kila moja.

Hata hivyo, sheria hiyo nzuri ilikaa karibu miaka mitatu bila meno. Wengi hawakujisajili, na ofisi iliyoundwa kuisimamia haikuwa na njia ya kujua nani ni nani. Mabadiliko yalikuja baada ya mji na kampuni za mtandaoni kumaliza kesi yao kwa maridhiano mwaka 2017, ambapo kampuni zilikubali kuondoa kila tangazo lisilo na namba ya usajili. Kufikia Januari 2018, takriban nusu ya matangazo ya mji huo yalikuwa yamefutika. Sheria ilikuwa ileile na mitaa ni ileile, isipokuwa sasa namba ilitakiwa ionekane kabla pesa hazijalipwa.

London hutufundisha jambo hilohilo kwa upande wa pili. Tangu mwaka 2015 mkazi wa huko anaweza kupangisha nyumba yake hadi usiku 90 kwa mwaka bila kuomba kibali cha kubadili matumizi. Kikomo kipo, lakini kiliwekwa bila daftari la usajili, na kwa hiyo halmashauri ya mtaa ndiyo iliyobebeshwa mzigo wa kuthibitisha kwamba nyumba fulani imefika usiku wa 91. Ni nani atakayesimama nje ya mlango akihesabu? Nawaomba maafisa mkumbuke mfano huu pale mtu atakapopendekeza kikomo cha siku na kusema usajili utafuata baadaye.

New York ilichukua njia kali zaidi. Sheria ya mji inayojulikana kwa namba 18, ambayo ilianza kutekelezwa tarehe 5 Septemba 2023, inamtaka mwenyeji asajiliwe, awemo nyumbani muda wote wa ukaaji wa mgeni kama ukaaji huo ni wa chini ya siku 30, na asipokee wageni zaidi ya wawili. Kampuni ya mtandaoni hairuhusiwi kupokea malipo ya nyumba isiyosajiliwa. Kuna sharti moja dogo ndani yake ambalo huwashangaza wengi: milango ya ndani haipaswi kufungwa kwa kufuli ya kumtenga mgeni na sehemu nyingine ya nyumba. Mantiki yake ni kwamba mgeni aliyefungiwa upande wake ni mpangaji wa chumba cha hoteli, ilhali mgeni anayepita sebuleni kwako ni mgeni. Kwetu, penye watoto wa kike na vyumba vya ndani, sharti hilo lisingekubalika, na sipendekezi tuliige. Nalitaja ili mwone ni umbali gani sheria inaweza kwenda ikitaka kuhakikisha kwamba neno mwenyeji lina maana.

Jimbo la New South Wales, Australia, lina mpango ambao ningeutazama kwa ajili ya maeneo yetu ya ufuo. Huko nyumba yenye mwenyeji hupangishwa mwaka mzima. Isiyo na mwenyeji, katika eneo kubwa la Sydney na sehemu nyingine zilizotajwa, ina kikomo cha siku 180, na mgeni anayekaa siku 21 mfululizo au zaidi hahesabiwi katika kikomo hicho, jambo la busara kwa sababu mhandisi aliyeletwa kwa mradi wa mwezi mmoja si mtalii wa wikendi. Halafu wilaya ya Byron, mji wa ufuo ambao wafanyakazi wake walikuwa wakikosa pa kulala, ilipewa kikomo cha siku 60 kuanzia Septemba 2024, na baadhi ya vitongoji vya karibu na bahari vikaachwa bila kikomo. Jimbo ni moja, na kanuni inabadilika kwa kufuata hali ya mahali. Hiyo ndiyo maana ya kanda.

Nataka nikae zaidi kidogo juu ya New Orleans, Marekani, kwa kuwa kosa lake ndilo kosa ambalo sisi tuko karibu kulifanya. Mwaka 2019 mji huo uliamua kwamba katika kanda za makazi, kibali cha kupangisha kwa muda mfupi kitolewe kwa yule tu ambaye nyumba hiyo ndiyo makazi yake mwenyewe kwa mujibu wa msamaha wa kodi ya nyumba, yaani nafuu anayopewa mmiliki anayeishi katika nyumba yake. Nia ilikuwa njema. Lakini Agosti 2022 mahakama ya rufani ya shirikisho ilibatilisha sharti hilo, ikisema kwamba linawabagua wamiliki wanaoishi majimbo mengine. Mji ulirudi mezani, na mwaka 2023 ukaja na kanuni nyingine: katika kanda za makazi, kibali kimoja kwa kila kipande cha mtaa, wakizidi waombaji ipigwe bahati nasibu, na msimamizi wa nyumba aishi palepale. Kanuni ya kwanza ilimtazama mmiliki na anuani yake. Ya pili inamtazama mtu anayelala pale, awe mmiliki au asiwe.

Nasema tuko karibu na kosa hilo kwa sababu nimesikia katika mikutano kama huu watu wakitaka vibali vinyimwe wenye nyumba wa ng'ambo. Ndugu zangu, nusu ya fleti za Nyali na Bamburi, kwa makadirio yangu ya barazani tu, zimejengwa kwa pesa zilizotumwa na watoto wetu walio Ghuba, Uingereza na Amerika ya Kaskazini. Kijana aliyejenga kwa jasho la miaka kumi huko Doha hana hatia ya kuwa Doha. Akimweka dada yake akae katika nyumba na apokee wageni, nyumba ina mwenyeji, na kanuni imtendee dada huyo sawasawa na jirani ambaye nyumba ni yake mwenyewe. Asipomweka mtu, aombe kibali cha nyumba isiyo na mwenyeji, katika kanda ambayo vibali hivyo vinatolewa.

Sheria zetu zinaruhusu haya yote, na hatuhitaji kungoja Bunge. Katiba ya mwaka 2010 imeikabidhi kaunti mipango na maendeleo ya eneo lake. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inahesabu mabadiliko makubwa ya matumizi ya nyumba kuwa ni uendelezaji unaohitaji ruhusa ya kaunti, na anayeanza bila ruhusa anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kinachokosekana ni ufafanuzi: ni lini hasa fleti ya makazi inakuwa imebadili matumizi? Sheria haisemi usiku wa ngapi, na ukimya huo umewafaa wote, mwenye nyumba asiyetaka kuomba na afisa asiyetaka kufuatilia.

Wengine hudhani kwamba leseni ya utalii imekwisha kulijibu swali. Mwanzoni mwa mwaka 2024, baada ya wanawake kuuawa katika nyumba za kupangisha kwa siku jijini Nairobi na watu kuandamana katika miji kadhaa, serikali ilisisitiza kwamba nyumba hizi zisajiliwe na Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Usajili huo ni wa lazima na una maana kubwa kwa usalama. Lakini mamlaka hiyo hupima biashara: nani anaiendesha, kwa kiwango gani. Haiamui kama mtaa fulani wa Tudor uwe na nyumba kama hizo 3 au 30. Hilo ni la kaunti. Na ndani ya majengo ya fleti, Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya mwaka 2020 inawapa wamiliki, kupitia shirika lao, uwezo wa kujiwekea kanuni za ndani. Katika jengo letu hatujawahi kukutana kuzitunga, na lawama ya hilo ni yetu.

Basi ningependa rasimu ya kaunti isemeje? Katika kanda zote za makazi, mwenyeji anayelala katika nyumba au kiwanja hichohicho aruhusiwe kupangisha vyumba visivyozidi idadi itakayotajwa, kwa kujisajili tu na kulipa ada ndogo, bila tangazo la gazetini wala ubao wa kubadili matumizi, kwa kuwa gharama hizo zingemmaliza mjane mwenye chumba kimoja na zisingemgusa mwenye fleti kumi. Nyumba isiyo na mwenyeji ipitie njia kamili ya kubadili matumizi, majirani wapate nafasi ya kutoa pingamizi, na iwe rahisi kupata ruhusa kandokando ya barabara kuu na ufuo wenye hoteli, ngumu ndani ya mitaa. Mkazi anayesafiri kwa Hajj au likizo apewe siku kadhaa za kupangisha nyumba yake bila kuhesabiwa kuwa amebadili matumizi; mimi ningesema 60, na sitagombana na atakayesema 90. Namba ya usajili iandikwe katika kila tangazo na juu ya mlango, pamoja na simu ya mtu anayeweza kufika kwa miguu au kwa bodaboda ndani ya nusu saa, kwa sababu mtu wa ng'ambo hawezi kunyamazisha muziki wa saa tisa usiku.

Najua mnachokifikiria, maana nami nimekifikiria: kila mwenye jengo ataandika jina la mlinzi wake kuwa ndiye mwenyeji. Ndiyo, atajaribu. Ndiyo maana mwenyeji lazima awe na makazi ndani ya nyumba inayopangishwa, au katika nyumba ndogo ya kiwanja hicho, na mtu mmoja asihesabiwe kuwa mwenyeji wa zaidi ya nyumba moja. Kibanda cha getini kinachohudumia fleti 16 hakimfanyi mlinzi kuwa mwenyeji wa 16. Afisa wa kaunti atauliza majirani, nao watajibu. Katika mitaa yetu hakuna siri ya nani analala wapi.

Kuna jambo la mipaka pia. Ukivuka daraja la Mtwapa uko Kaunti ya Kilifi, na ukivuka Likoni na kwenda Diani uko Kwale. Mombasa ikiweka kanuni peke yake, baadhi ya biashara itahama mwendo wa dakika kumi, na wapangaji wa Mtwapa, ambao kodi zao zimekwisha kupanda, ndio watakaolipa. Kaunti hizi tatu zikubaliane angalau juu ya ufafanuzi wa mwenyeji na juu ya daftari moja la usajili, hata kama kila moja itaweka kikomo chake.

Lakini ugumu unaoninyima usingizi uko hapahapa kisiwani, na haumo katika kanuni za San Francisco wala Sydney, kwa hiyo hatuna wa kumwiga. Nyumba nyingi za Majengo, za Mji wa Kale na za mitaa ya jirani ni nyumba bila ardhi: kuta na paa ni za mtu mmoja, kiwanja ni cha mwingine au cha wakfu, na mwenye nyumba hulipa kodi ya ardhi mwezi kwa mwezi kama walivyolipa baba na babu yake. Maombi ya ruhusa ya kaunti huambatanishwa na hati ya ardhi. Asiye na hati hawezi kuomba, na asipoomba atahesabiwa kuwa anavunja sheria, ingawa hao ndio wenyeji wa kweli zaidi katika mji huu, watu ambao hawajawahi kulala mahali pengine. Tukiandika kanuni bila kulitatua hilo, tutawapa vibali wenye maghorofa ya ufuoni na kuwafungia mlango wenye vyumba vya uani. Naomba fomu ya usajili wa mwenyeji ikubali risiti ya kodi ya ardhi na barua ya mzee wa mtaa, na naomba maafisa waje na jibu la wakili wa kaunti juu ya jambo hili kabla rasimu haijaandikwa, wala si baada ya kutangazwa.

Nyumba ya nyanya yangu bado iko Kibokoni, juu ya ardhi ya wakfu. Binamu yangu analala chumba cha pili na hupangisha kile cha mbele kwa wageni wanaokuja kutazama milango ya kuchonga na Ngome ya Yesu. Wiki iliyopita aliniuliza aombe kibali gani, na kwa nani. Nilimwambia angoje mkutano huu.